Kamera ya Macho Mawili ya Bi Rukiya

Baada ya hitima ya Bi Esha, wanawake walipokuwa wakikusanya masinia, mjukuu wake alikuja kuniketia karibu akaniuliza kama ni kweli kwamba bibi yake ndiye aliyenifundisha kutengeneza kamera. Nilimjibu kwamba aliyenifundisha alikuwa mume wa bibi yake, Fundi Shee, mtu ambaye sikuuona uso wake hata siku moja. Msichana alinitazama kama mtu anayeshuku kwamba uzee umeanza kunichezea akili. Sikuwa na nguvu ya kumweleza yote pale ukumbini, watu wakiagana. Nimekaa tangu siku ile nikimweleza kimoyomoyo, na sasa naona afadhali niandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu, nimepelekwa Amu kusomesha wasichana. Nilipanga kwa Bi Rukiya, mjane wa ukoo wa zamani wa mji ule, katika nyumba ya mawe iliyokuwa na vyumba vingi kuliko watu. Nilikuwa kijana wa aina ambayo leo ingenichosha: niliamini kwamba kila jambo jema ulimwenguni limekwama kwa sababu tu hajatokea mtu mwenye bidii wa kulisukuma. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, niliandika makusudio yangu katika daftari, na nilipomkuta mtoto mmoja ameelewa kugawanya kwa tarakimu mbili nililala usingizi wa mshindi. Chumba changu kilikuwa juu. Chini, nyuma ya kiwanda, yaani ua wa ndani ulioachwa wazi kwa ajili ya mwanga na hewa, vilifuatana vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, hadi kufika kile cha mwisho wanachokiita ndani. Humo ndimo Bi Rukiya alimotolewa kama bibi arusi, na ndimo alimozaa. Ukuta wake mzima ulikuwa wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, vingine vikubwa vya kuweka mabakuli ya kaure, vingine vidogo visivyotosha hata kikombe, na vyote vimeingia ukutani kwa kina kilichofanya kivuli cha asubuhi kisifanane na cha alasiri.

Ukuta huo ulikuwa unakufa. Boriti za juu zilikuwa zimeliwa, na ukuta wenyewe umeegemea nje kiasi kwamba waashi walisema hauna dawa. Ungebomolewa mwezi wa Mfungo Sita ukiisha, kabla haujawaangukia majirani. Bi Rukiya aliipokea habari hiyo bila kulalamika. Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Binti yake wa pekee, Sauda, aliolewa Kiunga, na tangu uzazi wake wa mwisho alilala kitandani kwa maumivu ya mgongo. Hakuweza kustahimili chombo cha baharini wala lori. Bi Rukiya naye miguu ilikuwa imemvimba, hata ngazi za nyumba yake mwenyewe zilimshinda. Mama na mwana hawakuonana kwa miaka kumi na moja. Sauda alikuwa ametuma maneno: kabla chumba hakijavunjwa, alitaka kukiona.

"Kuelezwa hataki," Bi Rukiya aliniambia tukila mkate wa mofa na samaki wa kupaka. "Asema aelezwao ni kipofu, na yeye mato anayo."

Ndipo aliponitolea ile kamera. Marehemu mumewe aliinunua Aden kwa afisa mmoja wa meli, akaitumia mwaka mmoja, akaichoka. Ilikuwa na lenzi mbili, moja kando ya nyingine kama macho ya mtu, na pamoja nayo kilikuwapo kijisanduku cha kutazamia. Ndani ya kijisanduku mlisalia jozi moja ya picha, za bandari fulani nisiyoijua. Nilipotia macho yangu niliruka. Kamba za meli zilikuwa mbele, watu nyuma yake, na milima nyuma ya watu, kila kitu mahali pake, kana kwamba ningeweza kupitisha mkono katikati. Hapo hapo nilikata shauri. Picha ya kawaida ingeulaza ukuta ule kama nguo iliyopigwa pasi; hii ingeuhifadhi na kina chake. Sitaficha kwamba nilimfikiria Sauda kidogo na ukuta sana. Katika daftari langu niliandika kwamba kazi ya sanaa ya mababu isipotee, nikapiga mstari chini ya maneno hayo.

Kitasa cha kulengea, kile kinachosogeza lenzi zote mbili mbele na nyuma ili picha itoke kali, kilikuwa kimeganda. Nami, mwenye cheti, nikafanya kile ambacho kila nyumba ya Pwani hufanya kwa bawaba, kwa kufuli, kwa cherehani na kwa goti la mzee: nikapasha mafuta ya nazi, nikayadondosha. Siku ya kwanza kitasa kilizunguka kwa ulaini wa kufurahisha. Siku ya nne kiligoma tena, na nilipotazama ndani ya lenzi niliona utando kama pumzi juu ya kioo, na vile vibamba vyembamba vinavyofunguka kupitisha mwanga vimeshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mafuta yalikuwa yametembea. Kwenye shaba ya hesi, ile mifereji ya mzunguko kama ya skrubu, yalikuwa yameshaanza kufanya uji wa kijani.

Wote walinielekeza kwa Fundi Shee, aliyetengeneza saa za mji ule tangu ujana wake. Alikuwa mtu wa hishima za zamani, asiyekaa pamoja na mwanamke asiyekuwa wake, nami sikutaka kuanza maisha yangu ya Amu kwa kuvunja adabu ya mtu mlangoni pake. Basi mkewe, Bi Esha, alitupangia: mzee alikaa nje, barazani mwa daka la mlangoni, mimi na Bi Esha tulikaa ndani ya ukumbi mdogo wa kuingilia, waitao tekani, na katikati yetu ubao mmoja wa mlango ulifungwa, upande wa pili ukatundikwa pazia. Kitu cha kupitishwa kilipitishwa chini ya pazia juu ya chano cha mti. Nilichokiona cha Fundi Shee ni vidole vyake, virefu, vyenye kucha zilizokatwa vizuri, na ncha ya kikoi.

Niliipitisha kamera. Nilisikia kitasa kikijaribiwa, kisha pumzi ikivutwa puani.

"Mwalimu, kuna mtu aloitia kitu kamera hini?"

"La," nilisema.

Sijui mpaka leo neno lile lilitoka wapi. Nilikuwa nimewaadhibu watoto juma lile lile kwa kusema uongo. Chano kilirudi chini ya pazia, kamera ikiwa juu yake, imefungwa katika kitambaa chake.

"Bi Esha, mrejeze Mwalimu amana yake. Sitoweza kufungua kitu ambacho mwenyewe amenifungia ndia."

Nilipokuwa nikivaa buibui langu, nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, akidhani nimekwisha kuufikia mlango wa nyuma: "Si nazi iloniuma. Nazi yafutika."

Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta njia ya kulifanya jambo lile liwe dogo. Sikuipata. Jioni, Bi Rukiya alipokuwa akichambua mchele, nilimwambia yote: kwamba niliiharibu kamera ya marehemu mumewe, na kwamba nilipoulizwa nilikana. Hakuinua kichwa.

"Na siku ile ulipokuwa ukiitia mafuta, wadhani nilikuwa nimelala? Nyumba nzima ilinuka kama kitwa cha bibi arusi."

"Mbona hukuniambia kitu, Bi?"

"Nilingoja uniambie weye." Alipepeta ungo mara mbili. "Mimi umekwisha kunambia. Sasa enda ukamwambie alokuuliza."

Siku iliyofuata nilisema mbele ya pazia maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu alfajiri, na katikati yalinipotea, nikabaki kusema tu kwamba ni mimi, ni nazi, na ni uongo. Nje nilisikia kisanduku kikifunguliwa. Halafu vidole vile vilisukuma chano chini ya pazia. Juu yake palikuwa na bisibisi tatu ndogo, unyoya wa kuku, kichupa cha mafuta ya taa na donge la nta ya nyuki.

"Keti basi," alisema. "Mato yangu yana mtoto wa jicho, skrubu za kadiri hini sizioni tena. Mimi nitasema, weye utafanya. Na kila utakachokiona, unambie kama kilivyo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kila alasiri baada ya shule. Kila skrubu niliyoitoa niliichomeka katika donge la nta, kwa mpangilio ule ule iliokaa kwenye kamera, ili donge liwe ramani. Nilipofika kwenye vyuma vya lenzi, Fundi Shee alinisimamisha. Kila lenzi ilikaa ndani ya bomba la shaba lenye hesi, na bomba hilo lilikuwa na milango minne ya kuingilia. Ukilizungusha mpaka likaachia, lazima utie alama ya sindano pale pale linapoachia, maana ukilirudisha kwa mlango mwingine litaingia vizuri tu, litazunguka vizuri tu, na picha haitakuwa kali maisha. Bomba la kulia nilitia alama. La kushoto lilikuwa limelainishwa na mafuta yangu mwenyewe. Lilikuja mkononi ghafla kabla sijakaza macho.

"Limetoka," nilisema. "Sikuona wapi."

Bi Esha alinitazama, akafumba mdomo kwa kiganja. Nje, mzee alikohoa. "Haya. Leo umesema mapema. Tuna milango mine ya kubisha, basi tutabisha mine."

Kusafisha kulichukua siku tatu. Nilisugua hesi kwa unyoya na mafuta ya taa mpaka uji wa kijani ukaisha na shaba ikarudi rangi yake, kisha kwa kitambaa cha melimeli mpaka kikawa hakitoi kitu. Vibamba vya mwanga nilivifuta kimoja kimoja kwa spiriti, na hivyo Fundi Shee alikataa visitiwe mafuta kabisa. Mafuta yalikuwa ya hesi peke yake, na juu ya mafuta hayo mzee yule alikuwa mgumu kama kadhi. "Nataka mafuta yenye adabu," alisema, "yakae yalipowekwa." Alinituma darini, juu ya paa la nyumba, na kipande cha shaba kilichoinamishwa juani, nimeweka juu yake matone matano. Vaselini ilikimbia kabla ya adhuhuri. Mafuta ya cherehani yalikuwa yameshafika ukingoni nilipogeuka. Nta peke yake ilikaa, lakini ikawa ngumu kama ukucha. Tulichanganya nta na vaselini, tukaongeza, tukapunguza. Nilipanda na kushuka ngazi zile siku nne, uso ukiwa mweusi kwa jua, Bi Esha akiniuliza kama nasomea umakanika au uanikaji wa samaki. Siku ya tano lilikuwapo tone moja lililokaa palepale tangu asubuhi hadi alasiri, na nilipoligusa lilikuwa laini. Nililipitisha chini ya pazia. Vidole vililisaga taratibu.

"Hili," alisema. Kisha, baada ya kusaga tena: "Hili, Mwalimu."

Ikaja kazi ya milango minne. Kwa kuwa mgongo wa kamera ulifunguka, tulitandaza karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta pale filamu inapokaa, tukaielekeza kwenye kiwanda, na taswira ikajichora juu ya karatasi, mara mbili, kulia na kushoto. Ilibidi zote mbili ziwe kali kwa wakati mmoja; moja ikipotea, mtazamaji huumwa na kichwa na kina hakiji. Bi Esha ndiye aliyetazama upande wa kushoto, kwa kuwa alikataa kukaa bure.

"Waonani?" mumewe aliuliza kutoka nje.

"Naona kuku."

"Yuwaje?"

"Yu kitwa tini, miguu yuu. Na atembea!" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Shee, kuku wangu amegeuka popo!"

"Taswira yote hugeuka, mke wangu. Nakuuliza, manyoya yake wayaona, au waona tonge la ugali?"

"Tonge."

Nililitoa bomba, nikalirudisha kwa mlango wa pili. Tonge. Mlango wa tatu ulileta kitu kilichokaribia, na nilipotaka kuridhika nacho, kwa kuwa Mfungo Sita ulikuwa umebakiza siku tatu kuisha, Fundi Shee aliniuliza swali moja tu: kama ninaona nukta nyeupe shingoni mwa kuku pande zote mbili. Nilitazama kulia, nikaiona. Nilitazama kushoto, sikuiona. Nilikuwa na kila sababu ya kusema naiona. "Upande mmoja tu," nilisema, nikafungua tena. Kwa mlango wa nne Bi Esha alipiga kelele iliyomkimbiza kuku mwenyewe, kwamba ameihesabu nukta, na jicho la kuku, na funza aliyekuwa mdomoni mwake.

Waashi walitangulia siku moja. Nilikuwa naichomeka filamu ya pekee niliyoletewa kutoka Mombasa niliposikia miti yao ikitupwa kwenye sakafu ya daka. Bi Rukiya, aliyekuwa hajatoka chumbani mwake kwa juma zima, aliagiza kupitia mtumishi kwamba wapewe kahawa, na halua, na kahawa tena, na mtu asinyanyue sururu mpaka yeye atume neno. Ndani mlikuwa na giza. Bi Esha alikuja na masinia yake mawili ya shaba aliyoyasugua kwa ndimu, tukayaegemeza kiwandani ili yarushe jua chumba kwa chumba hadi ukutani. Zidaka zikawaka kutoka pembeni, kila kimoja na kivuli chake. Kamera niliikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwa kuwa filamu ikiwa ndani huwezi tena kutazama kwenye karatasi, masafa yalipaswa kupimwa. Nilifunga uzi kwenye kamera, chini kabisa ya lenzi, nikamwomba Bi Rukiya, aliyekuwa ameketishwa mkekani, ashike ncha ya pili kifuani, kwa mstari mmoja na ukuta ulioanzia mgongoni pake. Nilipima, nikazungusha kitasa. Kilikwenda bila kukwama wala kuserereka, kikakaa nilipokiacha.

"Ahsante, Bi. Sasa tukusogeze."

Hakusogea. Alikuwa amegeuza shingo akiutazama ukuta nyuma yake, na sasa alinigeukia, akaitengeneza leso yake kichwani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa bado na ncha ya uzi.

"Piga," alisema.

"Bi, utaziba safu mbili za chini. Filamu ni hii moja."

"Mwanangu, piga."

Nilikasirika. Nakiri. Nilikuwa nimepanda ngazi siku tano, nimesugua, nimetubu, ili ukuta ule uhifadhiwe mzima, na sasa mzee mmoja alikuwa ameketi mbele ya kazi ya mababu. Lakini chumba kilikuwa chake. Nilifungua mwanga, nikahesabu mpaka nane. Hakupepesa. Kisha alikubali kuondolewa, nikapiga ukuta mtupu mara tano, na alasiri ile ile nilikaa chumbani kwangu nikisikiliza sururu.

Filamu niliisafisha mwenyewe katika ghala ya shule, kama tulivyofundishwa chuoni, kwa sababu nilimwahidi Bi Rukiya kwamba hakuna mwanamume atakayemwona wala kukiona chumba chake. Nilikata kila jozi, nikahamisha ya kulia ikae kushoto, kwani usipofanya hivyo zidaka hutokeza nje kama masanduku badala ya kuzama. Zote zilikuwa kali. Nilipomwonyesha Fundi Shee, yaani nilipomweleza, aliniomba nimwambie kama nafasi iliyo baina ya chokaa na kivuli inaonekana. Nilimwambia inaonekana. Sikumwongezea sifa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua kwamba alichotaka kwangu ni jibu tu.

Shule ilipofungwa nilikwenda Kiunga, kwa chombo na kwa miguu, kijisanduku kikiwa kifuani mwangu. Sauda alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, karibu na dirisha, mwanamke mwenye uso mpana na sauti kavu ya mtu asiyetaka kuhurumiwa. Nilianza na zile tano za ukuta mtupu, nilizozionea fahari. Alizitazama moja moja kwa makini, midomo ikihesabu safu. "Hapa ndipo alipokuwa akiweka manukato," alisema. "Hapa nilijificha ufunguo, nikapigwa." Kisha nikaingiza ile ya kwanza, nikianza kumweleza kwamba hii ina kasoro, safu za chini zimezibwa.

Hakunisikia. Katika picha ile uzi ulitoka mkononi mwa mama yake ukaja moja kwa moja, ukipita hewa yote ya chumba, hadi karibu kabisa na macho ya anayetazama. Nilimwona Sauda akiacha kuhesabu. Mkono wake usioshika kijisanduku uliinuka kutoka kwenye shuka, ukasimama shibiri moja mbele ya lenzi, vidole viwili vikafumbana polepole, kana kwamba vimeushika uzi.

"Ukuta nimeuona, Mwalimu," alisema, bila kuondoa macho. "Sasa niata na mama."

Niliwaacha peke yao, nikatoka nje nikaketi kwenye kizingiti. Mumewe alipokuja akauliza picha zimekuwaje, nilimwambia asubiri, asiingie kwanza.